Saa Ambazo Injini Haikunguruma

Kimbiji, Kigamboni,
Dar es Salaam.
9 Novemba 2024.

Wifi yangu mpendwa Somoe,

...na simu ikakatika palepale uliponiuliza, "Sasa huyo Kondo mbona hapokei simu zangu, nimemkosea nini?" Haukuwa mtandao, wifi. Niliikata mimi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini halikuwa langu kulitoa. Leo kaka yako ameniruhusu, na ameniomba niandike mimi. Anasema mkono wake yeye hauaminiki tena.

Kwanza shikamoo. Presha imeshuka? Na goti la kushoto linaendeleaje? Sie huku ni wazima. Mvua za vuli zimenyesha siku tatu mfululizo na paa letu jipya halikuvuja hata tone.

Ndoa ina miezi mitatu, na bado nikiamka namtazama mume wangu alivyolala kana kwamba nimeazimwa tu. Wifi, ulimlea ukamlea kweli! Akirudi baharini ananawa mikono kwa ndimu kabla hajanigusa, ati nisinuke dizeli. Mie hiyo dizeli naipenda, jamani. Mtoto wa Tandika nimekuwa mtu wa pwani kwa sababu yake.

Sasa nije kwenye boti. Imerudi kazini kama ujuavyo, inawapelekea wavuvi barafu. Mwezi wa tisa Kondo alimwita fundi Albano afunge mita mpya ya saa za injini, maana ile ya zamani ilikwama tangu marehemu kaka yake Faraji yu hai. Ni kidude cha duara kinachohesabu injini imefanya kazi kwa saa ngapi. Zikifika mia, oili inamwagwa na kuwekwa mpya. Mita mpya inaanza sifuri na haisogezwi kwa mkono, kwa hiyo Albano aliandika 1,846 kwa rangi kwenye kifuniko cha injini, namba ile iliyokwama, ili tuwe tunajumlisha.

Daftari la kuandikia saa hizo nililiomba mimi. Kila boti ikitia nanga nilikwenda kusoma mita, naandika, na pembeni nachora kimoyo. Usinicheke.

Wiki ya tatu nikaanza kuogopa. Asubuhi boti ilirudi nikaandika 31.4. Jioni nilipita kuchukua ndoo yangu, nikasoma 33.1. Boti haikutoka, na dizeli haikupungua. Kesho yake ikawa vilevile. Jirani yetu Bi Mwajabu aliposikia alishusha sauti: "Mwanangu, boti ina mwenyewe hiyo. Faraji hajamaliza kazi yake."

Nilibeba chetezo nikaifukiza ubani boti nzima, mpaka Albano akaniuliza, "Shemeji, unakausha samaki?" Saa zikazidi kuongezeka. Nikaanza kuhisi nyumbani tuko watatu. Kondo alikuwa akila anasimamisha tonge hewani, kama mtu aliyeitwa jina na asijue aitikie au la.

Jumatatu iliyopita boti ikagoma kuwaka, na barafu imeshapakiwa. Albano akapima betri. "Inanyonywa hii," akasema. "Mita inahesabu ufunguo ukifunguliwa tu, hata injini ikiwa kimya. Kuna mtu anaufungua na kuuacha."

Ufunguo hukaa mfukoni mwa mume wangu.

Jumanne baada ya adhuhuri aliaga anakwenda kukagua kamba. Nikamfuata, maji yakinifika magotini. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya injini, taa nyekundu inawaka, hakuna mlio wowote, macho yake kwenye mita. Hata hakushtuka kuniona.

"Bado tisini na sita," akaniambia.

Wifi, kaa kitako kwanza. Mita ya zamani ilipokwama, Faraji alimwambia Kondo awe anatazama saa yake ya mkononi na kuandika. Kondo aliandika kwa kukisia. Wakirudi baada ya saa nne, anaandika mbili, ili boti isipoteze siku ya kazi kwa kumwaga oili. Baadaye alirudia safari zote kichwani akapata saa mia moja na arobaini ambazo hakuziandika. Oili ikawa nzito kama lami. Ndiyo maana injini ilinoki, ikakwama na kuzima karibu na mwamba siku ile mliyompoteza Faraji, na mengine unayajua. Wewe uliambiwa ni ajali. Yeye alikuacha uamini hivyo.

Mita mpya ilipoanza sifuri, alisema ilikuwa kama kumfuta kaka yake. Ndipo akawa anakwenda kukaa na ufunguo wazi, azirudishe zile saa moja moja.

Nilimpenda na nikamkasirikia kwa wakati mmoja. "Kondo, unaidanganya mita tena! Kesho nani atajua oili ina saa ngapi? Unataka na mie niletewe habari ya mwamba?" Akalia, wifi, mwanaume mzima. Nikafunga ufunguo. Nikamwambia mwenye haki ya kuyasikia haya si mita, ni dada yake.

Jumatano tulimwaga oili yote tukaanza hesabu upya. Ufunguo sasa naushika mimi. Lakini sikufichi, jana nilipita pale boti imetulia, nikasogeza sikio kwenye kifuniko kabla ya kusoma namba. Sijui nilitaka kusikia nini.

Nisalimie sana shemeji Shomari na binti yetu Salma, mwambie kitenge chake kipo. Mungu akupe moyo mpana na akulipe kwa malezi yote uliyowapa wale wawili.

Sikuombi umsamehe. Nakuomba umsikilize, na kama ni kumfukuza, mfukuze akiwa mbele yako. Hatulii tangu nianze kuandika, anauliza kila mara, "Umeshafika wapi?" Alhamisi tarehe 28, kabla mwezi haujaisha, tutapanda basi la Kilwa. Amesema usipofungua mlango atayasema yote akiwa amesimama uani, na mie nitakuwa nimemshika mkono.

Wifi yako akupendaye, na anayekuogopa kidogo leo,
Raudha