Neno la Kaka Mkubwa

Neishabur, Jumapili

Kaka yangu mpendwa Keyvan,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini u mzima na baridi ya Hamburg haijakuingia kifuani. Sisi tunamshukuru Mungu, ila mama hali kitu tangu Jumatano.

Barua yako uliyomkabidhi mke wa Farhang alipokuwa akirudi huku ilifika salama. Ulifanya vyema kutopiga simu, maana simu zetu zina masikio.

Kama ujuavyo, mahakama ilimwachia mama uamuzi wote: Yashar asamehewe au anyongwe kwa kumuua mdogo wetu Pedram. Effat, mamake Yashar, alikaa kizingitini petu siku tatu na Kurani kichwani. Siku ya tatu mama akamwingiza ndani, akampa chai. Effat akalia kwamba mwanawe alikuwa na miaka kumi na saba tu, utoto ndio uliomponza. Shangazi Sakineh akamkata kauli: na Pedram je, alikuwa babu? Lakini mama alikwisha kulainika. Hata hakimu alimwambia kisasi ni haki yake, ila Kitabu chetu chenyewe kinasifu msamaha. Mama akajibu kwamba baba hayupo, kwa hiyo atafuata neno la mwanawe wa kwanza.

Mama hajui kusoma, nami nikaisoma barua yako kwanza jikoni, peke yangu. “Haki za binadamu” umeziandika mara saba. Pedram, mara moja. Ukasema dunia inatutazama, tuioneshe kwamba sisi si washenzi. Kaka, mimi ndiye niliyemfuta Pedram damu masikioni. Wewe ulikuwa huko, unashangiliwa mikutanoni. Nilikuchukia, na sioni haya kukuambia.

Jumatano asubuhi tulikwenda gerezani. Yashar alikuwa juu ya kigoda, kitanzi shingoni, anamwita mama “bibi, bibi yangu.” Effat aliishika miguu ya mama. Mama akanigeukia, akaniuliza mara ya mwisho kama kweli Keyvan amesema hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akakipiga kigoda teke kwa mguu wake ule mbovu. Hakikuanguka, ikabidi arudie.

Kaka, ulimwandikia mama amsamehe. Mimi nilimsomea kwamba umesema damu kwa damu, na akimsamehe Yashar asikuite tena mwanawe. Hilo ndilo neno lako alilolifuata.

Sasa anakaa dirishani, anasema mguu unamuuma. Anasema alifanya kwa ajili yako, na anakuomba umwandikie kwamba moyo wako umeridhika. Mwandikie upesi. Chochote utakachoandika, msomaji ni mimi.

Msalimie mkeo, na wabusu watoto kwa niaba yetu.

Ni mimi dada yako,
Golnar