Mukono wa Evode

Masisi, mwezi wa saba 1954

Kwako Drocella, muke wa mutoto wangu,

Barua hii naandika mimi mwenyewe, katekista hakunisaidia hata kidogo. Huku tuko wazima. Maharagi yangu imezaa kupita ya kilima chote.

Foto ya ile oteli Evode anatumikaka imefika, pamoja na barua yako. Mama Evode anaionyesha majirani: «Angalieni Evode wetu na chui!» Mimi niliipeleka kwenye jua, nikaiangalia vile naangaliaka nyayo za nyama wa pori. Niliua chui wawili kwa mukuki, hakuna wa kunidanganya juu ya chui. Lakini sikufunga hata mumoja munyororo ili wageni wapate kucheka naye.

Ndani ya foto, mama mumoja muzungu, mugeni wa oteli, amekaa karibu na chui, anacheka. Chui hacheki. Masikio yake imelala nyuma, na macho yake haiko kwa muzungu. Iko kwa Evode, mwenye kushika munyororo.

Sasa unijibu. Evode anatumikaka na mukono wa kuume tangu utoto. Kwa nini hapa anashika na wa kushoto, na ule mwingine ameuficha ndani ya koti, na jua iko kali? Umeandika: «Bwana wa oteli anatupenda, Evode iko muzima.» Hiyo «muzima» umeiandika mara tatu. Kwa muntu muzima, mara moja inatosha.

Usitume foto ingine. Evode aniandikie yeye mwenyewe. Maandiko yake naijua, njo mimi nilimufundisha.

Kama hawezi, umulete nyumbani. Shamba langu linaweza kulisha hata muntu wa mukono mumoja.

Baba mukwe wako,
Kabera