Baba Anasafisha Filamu

Ijumaa, 7 Machi
Baba kakubali! Kesho anakuja nasi kwenye matembezi ya kikundi chetu cha wapiga picha. Tangu augue na mkono wa kulia uanze kutetemeka, kamera yake ya filamu hajaigusa — yeye, aliyeendesha studio miaka na miaka. Ila katoa sharti: picha zikitoka na ukungu, kamera anaigawa. Mama kadakia kwamba naye anakuja, wa kubeba begi lazima awepo.

Jumamosi, 8 Machi
Miguu inawaka moto. Tumezunguka soko la maua asubuhi nzima. Mimi na dijitali yangu nimepiga kila kitu — ndoo, paka, mawaridi, baiskeli. Baba anatazama tu. Nikamwonyesha kioo cha kamera: unaona papo hapo, mbaya unafuta. Akasema ndiyo maana mimi sitazami kabla ya kubonyeza. Imeniuma kidogo. Kweli tupu.

Nikamuuliza yeye atajuaje kama amekosea.

"Nitajua nikifika nyumbani, kama mtu aliyetumwa sokoni."

Baadaye nikamwona kaegemeza kiwiko kwenye nguzo, kabana pumzi. Mkono ukatetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena. Nikageuza uso — sikutaka ajue nimeona. Mbele yake Mama alikuwa anachagua maua, anajifanya hana habari. Lakini kitambaa cha kichwa alikiweka sawa, akakiweka sawa tena.

Jumapili, 9 Machi
Bafu limekuwa chumba cha giza. Baba kaziba dirisha kwa blanketi, kajifungia na dawa zake tangu tumalize chai. Anasafisha filamu ili picha zitokee. Shemeji, mume wa dada, yuko mlangoni, taulo begani, anauliza kwa adabu kama mzee atachelewa sana. Ndani maji yanamwagika. Nimekaa sakafuni naandika, naogopa kugonga.

Kitasa kimezunguka. Nikainuka haraka, nikidhani ananiita mimi, mwenzake wa kamera. Kumbe.

"Niitie mama yako."

Uso wake sikuweza kuusoma. Mama kaja anafuta mikono kwenye kanga, kaingia, mlango ukafungwa. Wananong'ona. Shemeji ananiuliza zimetoka au hazikutoka. Sijui. Nimebandika sikio mlangoni. Baba anasema, "Huyu ni wewe, wazi kabisa. Hapa sikukuomba usimame. Ulisimama mwenyewe."

Mama anacheka, kile kicheko chake cha kubana — anamwambia ashushe sauti, watoto wanasikiliza.