Mwanafunzi Aliyekosa Mfano

Alhamisi, Oktoba. Ilomba, Mbeya.

Leo upepo umetupiga vumbi tangu asubuhi, bomba la mtaani halijatoa hata tone, na mimi nina furaha ya kijinga. Shajara, nivumilie. Mtu wa umri wangu akifurahi lazima amwambie mtu, na nyumbani wameshanisikiliza mara mbili, wakaomba sasa tule.

Nafundisha fizikia. Kesho wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanachagua masomo ya kidato cha tatu, na fizikia si lazima. Kila mwaka siku hiyo nakuwa kama yule mjomba kwenye dansi ya harusi: nimevaa vizuri, nimesimama pembeni, nasubiri nani atanichagua.

Mwaka huu nilikuwa na mmoja niliyeogopa kumkosa. Anaitwa Tumsifu, binti wa Kalenga kule Iringa, anaishi hapa kwa shangazi yake. Ana kichwa kizuri. Lakini juzi aliniambia, kwa ule upole wa Kihehe unaofunga mlango taratibu, "Fizikia naiheshimu, mwalimu, ila si ya watu kama mimi."

Kauli hiyo ilinikosesha raha.

Tunarudia mada ya kanieneo, au presha kama tunavyosema darasani: nguvu unaigawa kwa eneo. Mifano ya kitabuni ni ya viatu vya visigino virefu na watu wanaoteleza kwenye barafu. Darasa langu barafu wanaijua ile ya kununua kwenye kimfuko, unainyonya.

Basi nikaigeukia akili mnemba, ile unayochati nayo kwenye simu. Kijana wangu wa kwanza ndiye aliyenifundisha kuitumia, huku akihema kama anayesukuma gari. Nilimuuliza kila mwanafunzi anafanya nini nyumbani, nikaiandikia bila kutaja majina, nayo ikanitungia mfano wa kila mmoja. Baraka, ambaye humsaidia baba yake kuziba pancha, akapata presha ya tairi. Atupele, ambaye kwao wana bucha, akapata kisu butu na kisu kikali. Majibu nikayakagua mwenyewe, maana kitu hicho kikikosea kinakosea kwa kujiamini, kama mimi.

Tumsifu alinijibu hivi: "Mimi sifanyi kazi yoyote, mwalimu. Nipo tu."

Na mimi, mtu mzima, nikaamini. Nikaandika: huyu hana shughuli nyumbani. Simu ikatii. Ikamtungia mfano wa binti aliyekaa kwenye kiti, tutafute presha ya miguu ya kiti sakafuni.

Leo nimegawa mifano. Tumsifu akasoma wake, akaigeuza karatasi kifudifudi. Atupele, anayekaa naye dawati moja, akaifunua na kuchungulia.

"Kiti?" akasema. "Mwalimu, huyu hakai."

Darasa likacheka, kisha likaanza kunisomea mashtaka. Nani anachota maji kule mtoni kabla ya kuja shule? Tumsifu. Nani anapika, anafua, anaogesha watoto wa shangazi? Baraka akamalizia kwa heshima zote: "Labda hicho kiti ni cha shangazi yake, mwalimu."

Nina mabinti wawili. Sisi huku kazi ya mtoto wa kike hatuiiti kazi, tunaihesabu pamoja na kupumua. Hata mwenyewe haiiti hivyo. Sasa simu ingejuaje, wakati sisi wote tumeificha?

Nikamwambia Tumsifu kwamba mfano ule ni mbovu na kosa ni langu. Nikamwomba atunge wake.

Aliikunja karatasi yake, nikadhani ndiyo nimemkosa moja kwa moja. Kisha akainuka, akaenda ubaoni. Akachora kichwa, akakitwisha ndoo ya lita ishirini, na katikati akaweka ngata, ile kanga unayoiviringisha kabla ya kujitwisha. Akaandika nguvu: nyutoni mia mbili. Akakadiria eneo linaloguswa kichwani bila ngata, sentimita za mraba ishirini. Pamoja na ngata, mia moja. Akagawanya mara mbili, polepole, bila kufuta.

"Ngata inapunguza presha mara tano," akasema, akiutazama ubao, si sisi. "Uzito ni ule ule. Ndiyo maana shingo inachoka lakini utosi hauumi."



Nimejivuna leo kama Mnyakyusa, na wenyewe mnajua tunavyojivuna. Nimemweleza kila mwalimu ofisini. Madam wa Kiswahili kaniuliza kama ndoo nimeibeba mimi.

Jioni Tumsifu alinifuata nje ya ofisi. Nilishajiandaa kupokea shukrani, hata uso nilikuwa nimeupanga. Hakushukuru. Alisema tu kwamba kesho ataandika fizikia, halafu papo hapo akauliza: "Mwalimu, ukiweka majani juu ya maji kwenye ndoo, kwa nini ukitembea maji hayamwagiki?"



Simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuiuliza. Lakini swali lilikuwa lake, bado la moto, nikaona ni uchoyo kumnyang'anya. Nikamwambia sijui vizuri, tujaribu.

Kuanzia sasa simuulizi tena mtoto anafanya nini nyumbani. Namuuliza jana aliamka akaanza na nini, halafu akafuatia na nini, mpaka alipolala. Hayo ndiyo nitakayoipelekea simu.

Kesho asubuhi, kabla hawajachagua masomo, tunazunguka uwanja na ndoo kichwani, yeye yenye majani, mimi isiyo na majani. Nimemuuliza anadhani itakuwaje. Amenitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema anadhani nije na shati la pili.

Nimeshalikunja, liko kwenye mkoba.