Hodi Ambayo Gitaa Halikuitikia

Mpendwa Mama Eddah,

Nimezoea kusoma safu yako ya ushauri, na leo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: wimbo ambao watu wetu wote wanaulilia, mimi nikiusikia nakasirika, na sasa nimeombwa kuusifu mbele yao.

Niko kidato cha tatu hapa Eldoret na si msemaji, ninapenda vitabu, na kaka yangu Walubengo ndiye anayepiga gitaa la solo katika bendi ya watu wanne, Ooko kwenye ngoma, Nduta anaimba, na besi ilikuwa ya Mzee Ndungu, ambaye ndiye aliyeianzisha. Walikuwa wakifanya mazoezi Jumamosi mchana katika stoo nyuma ya duka lake pale Cheptiret, kati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, na mimi nilikuwa nakaa juu ya gunia na kitabu changu. Mzee Ndungu alikuwa ananiambia, "Nasambu, geuza kurasa polepole, unanitoa kwa mdundo," na Ooko anadakia, "Mwache Mzee, huyo ndiye shabiki wetu wa pekee na hata hainui macho kututazama."

Nyimbo zao zina maneno machache, halafu Nduta ananyamaza na wale wengine wanaendelea kupiga bila kupanga, kila mmoja akibuni papo hapo, na sheria yao ni moja tu, Mzee Ndungu ndiye aliyewafundisha. Mtu akitaka kuongoza anapiga noti mbili nzito, wao wanaiita hodi, na yule anayeongoza anazirudia zile noti mbili, hiyo ndiyo karibu, kisha anashusha sauti na kumpisha mwenzake. Mzee alisema bendi isiyo na hodi ni soko tu.

Mwaka huu walipiga katika ukumbi mmoja karibu na mtaa wa West Indies hapa Eldoret, onyesho likarekodiwa, na siku chache baadaye Mzee Ndungu akaugua ghafla, akafariki. Wimbo wa mwisho katika rekodi hiyo ni mrefu sana, na katikati besi inanyamaza kabisa, gitaa la kaka yangu linabaki peke yake na ngoma, likipanda juu, watu wanapiga mbinja. Kwenye matanga mtu mmoja alisema kwamba hapo Mzee alikuwa akituaga, kwamba alijua anaondoka akamwachia kijana wake gitaa lilie, na wote wakaamini, na Mama Wanja, mke wake, amekuwa akiwachezea wageni kipande hicho kwenye simu.

Lakini mimi nimeusikiliza kwa earphones tena na tena, Mama Eddah, na sivyo ilivyokuwa. Mwanzoni ni vizuri mno, Walubengo anaanza na kifungu kidogo cha polepole, kama mtu anayeuliza swali, na besi inamtembeza. Kisha watu wanaanza kushangilia, naye anakimbia, anarudia kitu kilekile juu kabisa ya shingo ya gitaa, hakuna wazo jipya, ni kasi tu. Hapo ndipo Mzee anapiga hodi. Gitaa halijibu. Anapiga tena, kwa nguvu zaidi, na hata Ooko amesikia, kwa sababu anaacha matoazi ili kufungua njia, lakini kaka yangu anaendelea kama hakuna mtu mlangoni. Ndipo besi inanyamaza. Hakuaga. Alinyimwa nafasi. Baadaye anarudi na wimbo unaisha.

Sasa bendi inataka kuicheza rekodi ya wimbo huo siku ya kumkumbuka, na Walubengo ameniambia, "Wewe ndiye msomi wetu, andika ukurasa usomwe kabla. Andika vile alituaga." Tangu mazishi hajagusa gitaa. Nikiandika ukweli nitamvunja kaka yangu na nitamnyang'anya Mama Wanja kitu kinachomfariji, na nikiandika uongo nitakuwa nimemnyamazisha Mzee Ndungu mara ya pili. Nifanye nini?

Nasambu

*

Nasambu mwanangu,

Pole kwa msiba. Nimekusoma taratibu, na kwanza nikusifu: una masikio. Watu wengi wanapenda wimbo kwa sababu wanampenda mpigaji, na hilo si kosa, lakini lazima awepo mtu wa kusikiliza kilichopigwa. Wewe ni mtu huyo. Usione haya.

Sasa nikugombeze. Umeandika kwamba kaka yako aliendelea kama hakuna mtu mlangoni. Ulimuuliza? Hukumuuliza. Umeketi na earphones zako ukamfungulia kesi, ukasikiliza ushahidi, ukamhukumu, na mshtakiwa yuko chumba cha pili hajui hata kwamba ameshtakiwa. Rekodi inakuambia kwamba hodi ilipigwa na haikujibiwa. Haikuambii ni kwa nini. Wale wa matanga walijaza kimya kile kwa upendo, wewe umekijaza kwa hasira, na nyote mlikuwa mnakisia.

Tena kuna kitu kimenikera. Kuhusu besi kunyamaza umeniandikia mistari mingi. Kuhusu besi kurudi umeandika maneno mawili, kisha wimbo ukaisha. Alirudije? Alipiga nini? Mtu aliyenyimwa nafasi mbele ya ukumbi mzima, akarudi, hilo si jambo dogo. Msikilizaji anayefunga masikio baada ya kupata kosa hajamaliza kazi yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiandike neno hata moja kwanza. Mwite Walubengo mchana, mkiwa wawili, mwambie unataka msikilize pamoja hadi mwisho. Usimweleze lolote kabla. Wimbo ukiisha, mwambie ulichosikia, na ukishasema, nyamaza yeye azungumze. Mama Wanja asisikie habari hii kwa mara ya kwanza siku ya kumbukumbu. Kama kuna la kumwambia, kaka yako ndiye wa kwenda. Ukiandika, andika kinachosikika. Yaliyokuwa moyoni mwa Mzee mwachie mwenyewe.

Na ukurasa huo uusome wewe. Aibu yako itasubiri nje.

Mama Eddah

*

Jibu hilo nilimtumia Nasambu moja kwa moja. Barua yake ninaichapisha leo hapa kwenye safu kwa ruhusa yake na ya kaka yake, pamoja na alichoniandikia baadaye:

Mama Eddah, nilifanya ulivyosema. Tulikaa jikoni Jumapili baada ya kanisa. Kabla sijasema kitu, Walubengo aliusimamisha wimbo mwenyewe palepale penye hodi. "Hapo," akasema. "Hapo aliniita."

Nikamuuliza, "Kumbe ulimsikia?"

"Nilimsikia. Watu walikuwa wananishangilia, Nasambu. Nikasema Mzee nitampa nafasi Jumamosi kwenye mazoezi."

Tukasikiliza mpaka mwisho. Besi inaporudi haipigi hodi tena. Inapiga kile kifungu cha polepole alichoanza nacho Walubengo, noti kwa noti, chini kabisa, na gitaa lililokuwa limepotea huko juu linakisikia, linashuka, linakanyaga palepale lilipoanzia. Kila mara nilikuwa nayapita hayo bila kuyasikia. Walubengo alilia na mimi nikalia.

Kesho yake alienda Cheptiret kumwambia Mama Wanja, nikamsindikiza. Mama Wanja alikuwa anapima mbegu dukani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siku ile alirudi hapa amenuna. Akaniambia, 'Huyo kijana leo alikuwa amebeba masikio ya kupamba kichwa.' Halafu akala, akacheka, akasema utazoea kusikiliza. Hiyo ya kuaga ni watu walisema. Nikaona inakupoza, nikanyamaza." Akamwambia Walubengo ainue gunia lililokuwa mlangoni, aliweke ndani.

Niliandika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba besi inabisha hodi na gitaa haliitikii, kwamba besi inanyamaza, na kwamba inaporudi inamrudisha mwenzake mahali alipoanzia. Sikuongeza sababu. Siku ya kumkumbuka nilisimama kule stoo kati ya magunia, nikausoma kwa sauti ndogo, Ooko akasema "Sauti!" nikaanza upya, nikamaliza. Nduta akauwasha wimbo. Walubengo alikuwa na gitaa magotini, halijaunganishwa na spika. Hodi ilipopigwa, aliitikia zile noti mbili. Tuliokuwa karibu tulisikia. Nilikunja karatasi yangu, nikakaa juu ya gunia, nikasikiliza mpaka mwisho.