Vidonge vya Kabla ya Kisu

Kuze, Mombasa
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na mkeo Mahira, na lile goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo, ila joto la mwezi huu halina huruma.

Nimeketi kitini naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tazama mwandiko, mstari haukupinda. Jumanne nilipasuliwa, kifuko cha nyongo kikatolewa pamoja na mawe yake. Leo ni siku ya tano.

Najua umekasirika. Ulimwagiza wifi yangu Swabaha kwa simu kwamba nisikubali kupasuliwa hapa "kwa vidonge vya mafua", ningoje nije huko nipigwe sindano ya nguvu. Nilikaidi, na siandiki kuomba radhi. Tulipovikimbia vita vya mashifta kutoka kwetu Mkokoni nilikuwa na miaka tisa, wewe mgongoni mwangu. Aliyebebwa hamwamrishi aliyembeba.

Nikueleze basi, maana kwenye simu husikilizi. Nusukaputi nilipewa kama kila mtu. Hakuna aliyenikata nikiwa macho. Vidonge vilikuwa vya maumivu ya baadaye. Daktari Lamis aliniuliza kwanza habari za figo, vidonda vya tumbo na presha, akavitazama vipimo vyangu. Kisha akasema dawa hizo, parasetamoli na nyingine ya kupunguza uvimbe, zikiwa zimeshaingia mwilini kabla ya kisu, maumivu huja na nguvu kidogo, na huenda ile sindano kali ya kutuliza maumivu isihitajike sana. Yenyewe ilikuwapo tayari, kama ningeihitaji.

Asubuhi ile nusura pawe vita. Muuguzi Zilpah, mtu wa bara, alileta vidonge na maji kidogo. Swabaha akamshika mkono.

"Si mlisema asile wala asinywe? Sasa mwamfuturisha asubuhi?"

"Mama, hii si saumu. Funda moja daktari ameruhusu."

"Na hayo maumivu yako wapi? Hata hajaguswa!"

Nikamwambia, "Yako njiani, wifi. Niache niyatangulie." Nikameza mbele ya macho yake. Alinuna mpaka adhuhuri.

Wewe wajua kwa nini nilishupaa. Mwaka wa tisini na nne, nilipotolewa uvimbe wa tumbo la uzazi, nilipigwa sindano hizo unazozisifu. Wapo zinaowafaa, sikatai. Mimi zilinitoa duniani. Mama alikuja akaketi nami tangu adhuhuri hadi alasiri, akinishika mkono na kunizungumzia, nami nacheka na dari. Kesho yake akaanguka, akafa, akazikwa kabla akili haijanirudi. Miaka thelathini waniuliza Mama aliniambia nini siku ile, na miaka thelathini sina hata neno moja la kukupa. Niliapa haitatokea tena, maadamu ipo njia nyingine.

Uchungu ulikuwapo, sikudanganyi. Jumatano nilipokohoa nilikumbatia mto tumboni nikamtaja Mola. Lakini uchungu ule niliweza kukaa nao, na sindano kali sikuiomba.

Sasa nisikilize. Jumanne alasiri, nilipozinduka, Swabaha aliniwekea simu sikioni. Koo lilikuwa kavu, sauti haikutoka, nawe ukadhani nimelewa dawa kama zamani. Ukazungumza kama mtu azungumzaye na ukuta. Ulisema, "Dada, usinitangulie." Ulisema bado waikumbuka leso niliyokufungia mgongoni, rangi yake na harufu ya moshi. Kisha ukalia, ukakata simu kabla sijajibu.

Yote ninayo, Athmani, neno kwa neno. Leso ilikuwa nyekundu, hukukosea. Na jibu langu ni kwamba sijakutangulia.

Nisalimie Mahira na watoto wote. Swabaha anakusalimu, ingawa bado anasema vidonge vile vilinivunjia saumu. Mungu akupe afya na umri, na atukutanishe tena tukiwa na akili zetu timamu.

Dada yako akupendaye na asiyekutii,
Mwanakhamis