Mdhamini wa Bajaji ya Tarsis

Kwako Tarsis, mdogo wangu,

Mama amenisimulia kwamba umeshanunua mbuzi wa Krismasi na nyumba umeipaka rangi. Hongera! Huku Kariakoo ni mvua tu.

Niliomba mkopo nifungue duka la vyombo, benki wakanikatalia. Eti jina langu chafu, kwa sababu nilikudhamini ukanunua bajaji, kisha ukaacha kulipa. Pesa ya rangi umepata, ya rejesho huna? Na simu zangu hupokei!

Bahati nzuri Mzee Chandu, wa duka la jumla pale Mchafukoge, amenipa masufuria kwa mali kauli, nimlipe nikishauza. Aliniuliza swali moja tu: "Ukikwama, nimtafute ndugu yako yupi?"

Nilimwambia sina ndugu.

Aliyekuwa mdhamini wako,
Jovitha